Namna ya kugawa askari polisi kwa haki: anza na saa za kazi, usianze na vichwa

Ukikabidhiwa askari 200 na wilaya tatu za kipolisi, ukaambiwa "wagawe kwa haki", utaanzia wapi? Wengi huanzia kwenye idadi ya watu. Wengine huanzia kwenye idadi ya majalada, yaani mafaili ya kesi, yaliyofunguliwa mwaka uliopita. Mimi nilikaa miaka mingi kwenye ofisi ya utumishi ya polisi kabla ya kustaafu, nikishika ikama (orodha ya askari wa kila kituo), likizo na uhamisho, na njia zote mbili nimeziona zikitumika. Zote zinawaumiza watu walewale: wanaoishi mbali na barabara ya lami.

Nimeandika haya kwa ajili ya yeyote anayeshika kalamu hiyo leo: ofisa utumishi wa mkoa, OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, anayevipangia vituo vyake, hata diwani anayetaka kwenda kudai askari akiwa na hoja mkononi. Ninaishi Pasua, hapa Moshi, kwa hiyo mifano yangu mingi ni ya Kilimanjaro na Arusha.

Tuelewane kwanza nani anagawa nini. Jeshi la Polisi letu ni moja kwa nchi nzima, chini ya Inspekta Jenerali. Makao makuu hugawia mikoa, kamanda wa mkoa hugawia wilaya, OCD hugawia vituo, na mkuu wa kituo hupanga zamu. Haki inaweza kupotea kwenye ngazi yoyote kati ya hizo. Mkoa unaweza kupata askari wake wote kwa usahihi kabisa, kisha nusu yao wakaishia mjini yalipo makao makuu ya mkoa. Kwa hiyo hesabu nitakayoeleza ifanywe kila ngazi, isiishie juu.

Uwiano wa watu una kazi yake, ila ni ndogo

Kila kikao cha usalama lazima mtu ataje uwiano wa polisi 1 kwa raia 450. Ni kipimo chepesi kukumbuka, na kinafaa kuonyesha kama nchi nzima ina upungufu. Kikitumika kugawa askari kati ya wilaya na wilaya kinapotosha, na nitaonyesha kwa namba za Sensa ya 2022.

Manispaa ya Moshi ina watu 221,733. Wilaya ya Same ina watu 300,303. Kwa uwiano huo Moshi Mjini ipate askari 493 na Same 667. Tazama sasa ardhi yenyewe. Manispaa ya Moshi haifiki kilomita za mraba 100, askari anaweza kutoka kituo kikuu akafika Soweto au Njoro kwa bodaboda kabla mlalamikaji hajamaliza kueleza. Same inazidi kilomita za mraba 5,000, ina milima ya Upare ambako gari hupanda kwa gia ya kwanza, na tambarare pana hadi Mkomazi. Askari 667 wa Same si sawa na askari 667 wa mahali pengine.

Arusha tofauti ni kali zaidi. Jiji lina watu 617,631, Ngorongoro 273,549, Longido 175,915. Ngorongoro peke yake ina takriban kilomita za mraba 14,000, yaani inaushinda mkoa mzima wa Kilimanjaro kwa ukubwa. Ukigawa kwa vichwa, Jiji linapata zaidi ya mara mbili ya Ngorongoro, na kila anayejua njia ya kwenda Loliondo anafahamu kwamba safari hiyo inakula kutwa nzima.

Kuna kasoro nyingine ambayo watu huisahau. Sensa huhesabu mtu pale alipolala. Hapa kwetu, mama wa Old Moshi au Kibosho amehesabiwa Moshi Vijijini, lakini kila siku ya soko yuko Mbuyuni na ndizi zake, na pochi yake inaibiwa Mbuyuni. Moshi Vijijini ina watu 535,803, na sehemu kubwa yao mchana wanashuka mjini. Kwa hiyo mji nao unapunjwa na sensa. Nalisema hili wazi ili mtu asidhani nina chuki na mji.

Halafu kuna Desemba. Sensa ilifanyika Agosti. Nenda Rombo au Marangu tarehe 24 Desemba uone kama ndio watu wale wa Agosti. Kuanzia katikati ya mwezi magari ya Dar es Salaam yanashona pale Himo, nyumba zilizofungwa mwaka mzima zinafunguliwa, pombe inanyweka, ugomvi wa vihamba, mashamba ya ukoo, unafufuka, na ajali za barabarani nazo zinafuata. Hakuna uwiano wa kudumu unaoweza kubeba hilo. Nitalirudia kwenye suala la askari wa kuazima.

Majalada: kipimo kinachojidanganya

Ofisa makini akishaona udhaifu wa vichwa, hukimbilia takwimu za uhalifu: wilaya yenye kesi nyingi ipewe askari wengi. Hapa ndipo ninapoomba usome polepole, kwa sababu kosa lake halionekani haraka.

Jalada halijifungui lenyewe. Ili lifunguliwe, mtu lazima afike kituoni. Penye kituo karibu na askari wa kutosha, mtu aliyeibiwa kuku ataripoti. Kijiji kilicho mwendo wa saa tano na kituo, mtu aliyekatwa panga anafungwa kitambaa na mambo yanamalizwa na wazee. Mwisho wa mwaka takwimu zinasema mji una uhalifu mwingi na kijiji kiko shwari. Mji unaongezewa askari, wanaoripoti wanaongezeka, takwimu za mji zinapanda tena. Kijiji kinabaki shwari kwenye karatasi. Asiyekuwepo na lake halipo.

Niliwahi kupelekwa kukagua kituo kidogo kwenye wilaya moja ya wafugaji. Kitabu cha matukio kilikuwa na kurasa chache mno kwa mwaka, na taarifa iliyokuja mkoani ilisema eneo ni tulivu. Nilipofika asubuhi mlango ulikuwa na kufuli. Askari wawili waliokuwepo, mmoja alikuwa amempeleka mtuhumiwa mahakamani makao makuu ya wilaya tangu jana yake, wa pili alikuwa amemsindikiza kwa sababu hairuhusiwi kwenda na mtuhumiwa peke yako. Kwenye kizingiti alikuwa amekaa mama wa Kimaasai na kijana wake, mkono wa kijana umefungwa kwa kanga iliyokauka damu. Walikuwa wanasubiri PF3, fomu ya polisi ya majeruhi. Nilimuuliza tangu lini, akanionyesha jua lilipokuwa jana. Tukio lile lisingeandikwa popote kama wangekata tamaa na kurudi, na kituo kingeendelea kuitwa tulivu.

Jambo hili limewahi kufika hadi mahakamani, nchini Afrika Kusini. Wakazi wa Khayelitsha, kitongoji kikubwa cha watu maskini nje ya Cape Town, walilalamika kwamba mauaji yalikuwa mengi na polisi wachache. Tume iliyoongozwa na Jaji mstaafu Kate O'Regan na Vusi Pikoli ilitoa ripoti mwaka 2014 na kuukosoa vikali mfumo wa kugawa askari. Mambo yalipobaki vilevile, asasi za kiraia zilifungua shauri, na Desemba 2018 Mahakama ya Usawa ya Western Cape iliamua kwamba ugawaji wa polisi katika jimbo hilo ulikuwa unawabagua watu weusi na maskini. Yaani fomula, pamoja na namba zake zote, ilitamkwa na mahakama kuwa ya kibaguzi. Kila anayeamini kwamba fomula ikiwepo haki imepatikana, naomba akae na hukumu hiyo kidogo.

Basi majalada yatumike, lakini yasahihishwe. Namna ya kuyasahihisha ni kutafuta matukio kwenye vitabu ambavyo si vya polisi. Nenda kituo cha afya uombe idadi ya majeruhi wa kupigwa na kukatwa, ulinganishe na PF3 zilizotolewa na kituo cha polisi cha eneo hilo. Nenda kwa ofisa ustawi wa jamii uulize mashauri ya ukatili wa watoto na ndoa. Zungumza na mtendaji wa kata na mtendaji wa kijiji, maana wao hupokea malalamiko kabla ya polisi. Kwa wafugaji zungumza na laigwanani, kiongozi wa jadi wa Wamaasai, atakueleza mifugo iliyoibiwa ambayo haikuwahi kufunguliwa jalada. Na angalia vifo: wizi unaweza kufichika, kipigo kinaweza kufichika, mauaji ni magumu zaidi kufichika. Wilaya yenye mauaji mengi na ripoti chache za kujeruhi si wilaya tulivu. Ni wilaya isiyofikiwa.

Huhitaji majina ya watu katika kukusanya haya, na usiyachukue. Idadi tu inatosha.

Kiti kimoja kinahitaji askari wangapi?

Kabla ya kugawa kwa kazi, toa kwanza kile ambacho kila kituo lazima kiwe nacho. Mimi huita viti: kaunta ya mapokezi, mahabusu, ghala la silaha, redio. Kiti cha saa 24 hakiwezi kuwa wazi, iwe kuna kesi moja au mia.

Wengi hukosea hapa kwa kudhani saa 24 ukigawa kwa zamu za saa nane unapata askari watatu. Fanya hesabu ya mwaka mzima. Saa 24 kwa siku 365 ni saa 8,760. Askari mmoja sasa: toa siku moja ya mapumziko kila wiki, 52, toa likizo, tuseme siku 28, toa siku 30 za ugonjwa, kozi, msiba na kutoa ushahidi mahakamani. Zinabaki siku 255, mara saa nane ni saa 2,040. Gawa 8,760 kwa 2,040 unapata 4.3. Kiti kimoja kinahitaji askari wanne na ushee. Viti vinne vinahitaji 18.

Kituo kinachopewa askari sita hakiwezi kufungua mlango usiku na pia kufanya doria. Mkuu wake atachagua kimoja, na raia watamlaumu kwa kile alichokiacha.

Kwenye viti hivi ongeza vile vinavyotokana na mahali, si na watu. Longido ina mpaka wa Namanga. Rombo ina Holili na Tarakea. Hai ina uwanja wa ndege wa KIA. Jiji la Arusha lina kituo cha mikutano cha AICC, lina Mahakama ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, na kuna Kituo cha Polisi cha Utalii na Diplomasia kwa ajili ya wageni. Askari wa sehemu hizo wahesabiwe kwenye safu yao peke yao. Ukiwachanganya, utaambiwa Longido ina askari wa kutosha, kumbe wengi wako getini Namanga na wafugaji wa upande wa pili wa wilaya hawajawahi kuwaona.

Hesabu yenyewe

Sasa tuwarudie wale askari 200 na wilaya tatu. Namba hizi ni za mfano tu, nimezitunga ili uone njia; weka zako.

Wilaya ya mjini ina matukio 6,000 kwa mwaka, ya milimani 2,400, ya tambarare 1,400, baada ya kusahihisha na vitabu vya hospitali na watendaji. Usigawe bado. Uliza kila tukio linakula saa ngapi za askari.

Chukua tukio la kawaida: lina safari tatu, kwenda eneo la tukio, kwenda kwa mashahidi, kwenda mahakamani, na kila safari wanakwenda askari wawili. Kazi yenyewe ya kuandika maelezo, kuchora ramani ya tukio na kuandaa jalada tuseme ni saa 14 popote pale. Kinachotofautiana ni njia. Mjini safari ni nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, kwa askari wawili ni saa mbili, mara tatu ni sita. Jumlisha 14 unapata saa 20. Milimani njia ni saa moja na dakika ishirini kwenda na kama hizo kurudi, safari tatu za watu wawili ni saa 16, jumla 30. Tambarare ni saa tatu kwenda na tatu kurudi, safari tatu za watu wawili ni saa 36; jumla 50.

Zidisha. Mjini 6,000 kwa 20 ni saa 120,000. Milimani 2,400 kwa 30 ni 72,000. Tambarare 1,400 kwa 50 ni 70,000. Jumla 262,000.

Toa sasa viti: kila wilaya viti vinne, askari 18, wilaya tatu ni 54. Wamebaki 146. Wagawe kwa uwiano wa saa. Mjini wanapata 66.87, milimani 40.12, tambarare 39.01. Askari hakatwi vipande, kwa hiyo mpe kila mmoja namba nzima kwanza, 66, 40 na 39, ambazo ni 145. Aliyebaki mmoja anakwenda kwa mwenye sehemu kubwa iliyosalia, yaani mjini. Rudisha wale 18 wa viti: mjini 85, milimani 58, tambarare 57.

Ungegawa kwa majalada peke yake, mjini wangepata 122, milimani 49, tambarare 29. Watazame hao 29. Kumi na nane wamekaa kwenye viti. Wamebaki 11 kwa wilaya nzima ya tambarare, wakati saa za kazi zake, 70,000 ukigawa kwa 2,040, zinataka zaidi ya 34. Hao 11 watakimbia mchana na usiku na kesi zitaoza, halafu mkutanoni watasemwa ni wavivu. Mjini je, umewaonea? Saa 120,000 zinataka askari 59, ongeza 18 wa viti unapata 77, nao wamepewa 85. Wamebaki na askari wa doria juu ya mahitaji, na wilaya nyingine mbili nazo zimebaki nao, wanne au watano kila moja.

Hii ndiyo sababu nashikilia saa za kazi. Ni kipimo pekee ninachokijua ambacho kinaweza kumweleza mtu wa mjini na mtu wa porini kwa lugha moja, na kila mmoja akakagua mwenyewe.

Ukimaliza, mpe mtu mwingine karatasi zako azipige upya bila kumwonyesha jibu lako. Uingereza mwaka 2015 serikali ilitaka kubadili fomula ya kugawa fedha kwa vikosi 43 vya polisi vya England na Wales. Hesabu zilitolewa, vikosi vikaanza kujipanga, kisha watu wa Devon and Cornwall walipozipitia wakagundua zimetumia takwimu zisizo sahihi. Novemba mwaka huohuo mpango mzima ukasimamishwa. Kama wizara yenye wataalamu wote wale imeweza kukosea, na mimi na wewe tunaweza.

Hesabu waliopo, si walioandikwa

Orodha ya ikama itakwambia kituo kina askari 20. Nenda siku ya kazi asubuhi, kabla zamu haijabadilishwa, uhesabu kwa macho. Utakuta watatu wako kozi, hapa kwetu mara nyingi Shule ya Polisi Moshi, mmoja ni mgonjwa wa muda mrefu, wawili "wameazimwa" mkoani tangu mwaka juzi, mmoja ni dereva wa mkubwa. Waliopo ni 13. Ugawaji ufanywe kwa hao 13, na walioazimwa waandikwe pale wanapofanya kazi kweli. Kuazima kusikokuwa na tarehe ya kurudi ni uhamisho usioandikwa. Hata Desemba ya Rombo, au mashindano ya AFCON 2027 ambayo Tanzania inaandaa pamoja na Kenya na Uganda na Arusha imepangiwa uwanja kwa ajili yake, askari wa ziada watoke kwenye kambi na vikosi vya mkoa, waandikiwe tarehe ya kurudi, na vituo vya pembezoni visiguswe. Kituo cha askari watano ukikichukulia wawili umekifunga.

Kisha angalia ni akina nani. Idadi inaweza kuwa sawa na haki isiwepo. Sheria inataka mwanamke apekuliwe na mwanamke. Kituo kisicho na askari wa kike kinafanyaje? Na binti aliyebakwa anaanza kumweleza nani? Dawati la Jinsia na Watoto lisiishie makao makuu ya wilaya. Mimi hupendekeza askari wa kike wasipungue wawili kila kituo chenye mahabusu, maana mmoja akienda likizo kituo kinabaki bila. Vivyo hivyo wapelelezi. Kuna tabia ya kupeleka vijana waliotoka mafunzoni mbali zaidi na kubakiza wenye uzoefu mjini. Kijana wa miezi sita kazini, peke yake na jalada la mauaji, mkubwa wake yuko mwendo wa saa nne: hilo ni kumwonea yeye na marehemu pia. Weka angalau mpelelezi mmoja mwenye uzoefu kila mahali unapopeleka wapya.

Haki ya askari mwenyewe

Raia wa pembezoni hatapata huduma nzuri kwa askari aliyevunjika moyo. Muda wa kukaa mazingira magumu uwe na kikomo kinachojulikana siku anayoripoti, na kiheshimiwe. Nimeona watu waliopelekwa "kwa muda" wakazeeka huko kwa sababu hawakuwa na mtu wa kuwasemea, na wengine ambao hawakuwahi kutoka mjini tangu waajiriwe. Andika safu moja rahisi kwenye orodha yako: miaka ya kila askari mjini, miaka yake pembezoni. Safu hiyo ikiwa wazi kwa wote, maombi ya pembeni hupungua yenyewe.

Usimpeleke mtu kabla ya posho yake ya uhamisho na kabla ya kujua atalala wapi. Kama mke na mume wote ni askari, wahamishe pamoja. Na fanya zoezi lote Septemba, barua zitoke Oktoba, ili familia zihame Desemba shule zikiwa zimefungwa. Barua ya uhamisho ya Machi inamkata mtoto katikati ya muhula.

Mwaka unaofuata, na neno kwa diwani

Baada ya miezi kadhaa, wilaya iliyoongezewa askari itaonyesha ongezeko la ripoti. Litakuja swali: mbona uhalifu umepanda? Jiandae. Linganisha tena na kitabu cha hospitali. Kama majeruhi hospitalini hawajaongezeka na majalada yameongezeka, uhalifu haujapanda, watu ndio wameanza kuja. Andika hivyo kwenye taarifa kwa maneno ya wazi, kabla mtu hajaitumia namba hiyo kumshusha OCD aliyefanya kazi nzuri. Rudia hesabu kila mwaka, ila usihamishe watu kila mwaka; hamisha tofauti inapokuwa kubwa.

Wewe diwani, ukienda kudai askari usiende na "sisi tumesahauliwa". Nenda na karatasi moja: muda wa safari kutoka kituoni hadi kila kijiji chako, kiangazi na masika, kwa gari na kwa bodaboda, idadi ya majeruhi waliopokelewa kituo cha afya mwaka jana, idadi ya malalamiko kwenye daftari la mtendaji, na siku ambazo kituo kilikutwa kimefungwa, kwa tarehe. Mpe OCD, nakala kwa mkuu wa wilaya ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama. Kisha omba jibu la maandishi linaloonyesha kata yako imehesabiwa saa ngapi za kazi, na namba hizo zimepatikanaje.